Mama au Nyumbani

Darasa lilikuwa la watoto wa mwaka wa pili, na viti vyake vilikuwa vya watoto wa mwaka wa pili. Marubani walivikalia magoti yakiwafika kifuani, na haikupita siku bila mmoja wao kuuliza kama kengele ya kwenda kucheza imekaribia. Wenye viti vyao walishahamishiwa vijiji vya milimani tangu mabomu yalipoanza kuanguka huku kusini mwa kisiwa cha Kyushu, na shule ikawa bweni la vijana wanaosubiri zamu ya kwenda kufa. Tuliseme hivyo hivyo, kufa. Wakubwa walikuwa na maneno mengine ya kupendeza kwa jambo hilo, yenye maua ya micheri ndani yake, na hayakumpunguzia mtu hata chembe ya hofu.

Mwalimu wao alikuwa Luteni Kuwabara Seiji. Mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili tu. Vingine viliungua ndani ya ndege aliyorudi nayo kutoka kushambulia msafara wa manowari za Marekani, enzi zile Japani ilipokuwa bado na marubani walioiva. Rafiki zake wa enzi hizo walikuwa chini ya bahari karibu wote. Yeye, kwa kuwa hakuweza tena kurusha ndege, alipewa ubao na chaki, akaambiwa awafundishe watoto wa watu namna ya kuchagua meli ya kuigonga kwa ndege na kufa nayo.

Alichonga meli zake mwenyewe kwa mti laini, akazipanga mezani juu ya kitambaa cha buluu. Katikati aliiweka ile kubwa yenye mgongo bapa, ya kubeba ndege, ambayo wanamaji wote huiita meli mama. Kuizunguka aliweka manowari za mizinga, kisha duara la pili la meli nyembamba za ulinzi. Mbali kabisa, ukingoni mwa kitambaa, ziliwekwa meli ndogo za doria, moja moja, kila moja na rada yake.

"Huyu ndiye mtakayemwona kwanza," alisema akiinua ile ndogo kwa vidole vyake viwili. "Uko angani, macho yanakuuma kwa kutazama maji, jasho limeingia kwenye miwani. Unaona kitu kinatoa moshi. Moyo unakwambia hii ndiyo manowari kubwa kuliko zote duniani. Moyo wako ni mwongo. Pita."

"Nikishapita, mwalimu?"

"Mtafute mama. Nenda juu ya mawingu, au shuka uyalambe maji kabisa, rada isikuone vizuri. Katikati usiende, katikati ndiko wanakowachinjia. Msiingie wote upande mmoja kama kondoo zizini. Gawanyikeni, na mizinga yao itagawanyika. Ukimpata mama, achana na ubavu, ubavu ni chuma. Lenga lifti ya kupandishia ndege. Hiyo ikivunjika, ndege zao haziwezi kupanda wala kushuka."

"Na nisipompata?"

"Rudi nyumbani."

"Hata kama ndogo iko pale chini inanichekea?"

"Iache icheke. Mama au nyumbani."

Neno hilo likawapendeza. Ukai, aliyekuwa mtani wa kikosi kizima na msomi wa chuo kikuu aliyekatishwa masomo, aliliandika kwa chaki juu ya ubao kwa maandishi makubwa: MAMA AU NYUMBANI. Wakawa wanasalimiana nalo asubuhi wakiosha nyuso kisimani.

Kuwabara alikuwa na sababu mbili za kulisisitiza. Ya kwanza aliisema wazi: meli ndogo haina thamani ya ndege na rubani, hata rubani asiyeweza kutua bila kuruka-ruka kama chura. Ya pili hakuisema kwa mtu. Vijana hawa walipewa ndege kuukuu za mafunzo na mafuta ya kubahatisha; meli mama wasingeiona ila kwa muujiza. Anayemtafuta mama, na mama tu, angerudi. Na kweli walikuwa wakirudi. Jioni Kuwabara akisikia injini inakoroma juu ya mashamba ya viazi, moyo ulimpasuka kwa furaha, naye aliificha furaha hiyo kwa kuwakaripia wote waliotua.

Minobe Takuzo alikuwa amerudi mara mbili. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye masikio makubwa, mtoto wa muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, wa mji mmoja wa bondeni, na baadhi ya wenzake walishaanza kumwita Bwana Nimerudi. "Tumwekee wali?" waliulizana kwa sauti akiwa anavaa. "Si atarudi kula!" Minobe alicheka nao, lakini masikio yalimgeuka mekundu, na kwa jinsi yalivyokuwa makubwa hakuwa na pa kuyaficha.

Alasiri moja mlima wa moto ng'ambo ya ghuba ulikuwa umemwaga majivu yake kama kawaida, na zamu ya kufagia baraza ilimwangukia Minobe. Kuwabara alikaa pembeni akisugua meli zake kwa kitambaa.

"Mwalimu, naomba kukuuliza kitu kisichohusu vita."

"Uliza, ilimradi si kengele."

"Mtu ukimwita jina moja miaka yote, halafu siku moja tu umwite jingine, si atashtuka?"

"Inategemea. Unataka kuniita nani?"

"Si wewe, mwalimu!" Minobe aliacha kufagia. "Kuna Bi Shige. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, baba akamwajiri Bi Shige kusaga maharage ya tofu dukani. Baadaye akamwoa. Siku ya harusi akaniambia, kuanzia leo huyu ni mama yako. Nilikuwa mjeuri mimi. Nikasema sawa. Nikageuka, nikaita, Bi Shige, nina njaa."

"Yeye akasemaje?"

"Akaitika. Yeye huitika tu. Uite ukiwa uani, uite ukiwa juu ya dari, anaitika 'Bee!' kutoka kwenye mvuke huko ndani. Hajawahi kulalamika. Baba naye akafa, tukabaki wawili, na bado ni Bi Shige, Bi Shige. Likizo ya mwisho nilipanga nimwite palepale kituo cha treni. Mdomo ukakataa. Treni ikaondoka na mimi nimeachama dirishani kama samaki."

Kuwabara hakucheka. "Mwandikie."

"Neno hili si la kuandika, mwalimu. Na haina haja, anakuja! Koplo wa mji wetu amempita njiani jana. Reli imevunjwa kwa mabomu, sasa anatembea kwa miguu na furushi lake. Kesho au kesho kutwa atafika." Alianza tena kufagia, safari hii kwa kasi, majivu yakamrukia mwalimu wake. "Nami nimejizoeza. Ndegeni. Ukiwa juu peke yako unaweza kupiga kelele mpaka koo likauke, hakuna wa kukusikia. Mara ya kwanza niliona haya, utadhani ndege ina masikio. Sasa linatoka vizuri tu."

"Hebu nilisikie."

"Kwako? Thubutu!"

Kuwabara aliingia ndani akiwa na jambo moja tu kichwani: kijana huyu awe hai mpaka mwanamke yule afike. Hakuomba zaidi ya hapo. Alikwishazoea kuomba kidogo.

Siku hiyo hiyo aliitwa na Kamanda Orito kwenye handaki la makao makuu. Orito alikuwa mtu mkavu mwenye mifuko chini ya macho, na chai aliyomkaribisha nayo ilikuwa maji ya moto yaliyosikia habari za majani.

"Wanafunzi wako wanarudi sana, Kuwabara."

"Hawajamwona mama, afande. Sioni haja ya kutupa ndege kwa meli ndogo."

"Meli ndogo ndiyo jicho." Orito alichora kwa kidole juu ya meza, maji ya chai yakawa bahari. "Rada yake inatuona tukiwa bado huku. Inaziita ndege zao za kivita, na wetu wanaangushwa kabla hawajanusa hata moshi wa mama. Toboa macho kwanza. Halafu mtafute mama akiwa kipofu. Nakosea wapi?"

Hakukosea popote, na hilo ndilo lililomuuma Kuwabara. "Wana macho mengi kuliko sisi tulivyo na vijana, afande. Tukitoboa moja, kesho wanaweka jingine palepale. Meli mama hawawezi kuiunda upya kwa wiki moja. Tukitaka kuwaumiza, tusubiri mama."

Hilo nalo lilikuwa sawa. Watu wazima wawili walikuwa wamekaa chini ya ardhi, kila mmoja na ukweli wake mkononi, wakishindania watoto waliozaliwa na wengine.

Orito aliifuta bahari yake kwa mkono wa shati. "Nijibu swali moja. Unachagua shabaha, au unachagua nani aishi?"

Palikuwa na majibu mengi ya kijeshi ambayo Kuwabara aliyajua kwa moyo. Akainamia kikombe chake. Orito akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa habari aliyokuwa nayo zamani.

"Kuanzia kesho, meli ya kwanza watakayoiona. Utawafundisha mwenyewe, kwa mdomo wako ule ule."

"Ndiyo, afande." Kisha, akijua haifai kulisema, "Kuna kijana, Minobe. Mama yake yuko njiani kuja kumwona. Naomba kesho abaki."

"Wote wana mama, Luteni. Huyo ameshabaki mara mbili."

Basi Kuwabara akarudi darasani akafuta ubao. Maneno ya Ukai yalikuwa juu mno, ikambidi apande kwenye kiti cha mtoto, na kiti kikalia chini yake. Vijana walitazama MAMA ikifutika, kisha AU, kisha NYUMBANI. Hakuna aliyeuliza habari za kengele.

Alichukua ile meli ndogo ya ukingoni akaiweka katikati ya kitambaa. "Kuanzia kesho ni huyu. Ukimwona, usipite. Ni jicho lao. Lenga chini ya mnara wa rada."

Ukai akainua mkono, mpole kama mtoto mwenye adabu. "Mwalimu, nisahihishe kama nimeelewa vibaya. Nimezaliwa, nimelelewa, nimesomeshwa mpaka chuo kikuu, nimeshiba viazi vya serikali, yote hayo ili nife kwa ajili ya dagaa?"

Kicheko kilianza, kikakatika chenyewe. Walikuwa wanamngoja mwalimu.

"Ndiyo," alisema Kuwabara. Kisha akaendelea kufundisha. Aliwaonyesha pembe ya kushukia, akawarudisha kwenye ishara, kwa kuwa redio za ndege zile hazikubeba sauti na rubani aligonga ujumbe wake kwa kidole. Meli ndogo, gonga "ndogo". Meli ya kubeba ndege, gonga "mama". Halafu kandamiza kitufe usikiachie, ili waliobaki wasikie mlio mrefu na wajue kwamba unashuka. Mlio ukikatika, basi.

"Mwalimu," aliuliza Minobe, "ile ishara ya mama bado ipo?"

"Ipo. Ukimwona."

"Nikimwona," alisema Minobe, akatabasamu peke yake.

Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya viazi walipowasha injini. Wasichana wa sekondari waliokuwa wakiwafulia nguo walipanga mstari na matawi yao ya maua, wakilia bila kujificha. Kuwabara alipanda bawa la ndege ya Minobe kana kwamba anakagua mkanda, akamsemea sikioni.

"Injini ikikohoa, rudi."

"Ni nzima, mwalimu. Fundi ameiangalia."

"Nakwambia imekohoa. Hata isipokohoa, imekohoa! Hii ni amri yangu."

Minobe alimtazama kwa huruma, na kwa kweli hakuna kitu kinachomchoma mwalimu kuliko kuhurumiwa na mwanafunzi. "Nikirudi mara ya tatu watanipeleka kesho kutwa peke yangu. Leo naenda na Ukai. Na yeye, Bi Shige, atembee njia yote ile aje akute naitwa Bwana Nimerudi mbele yake?" Alivuta miwani ikamkaa machoni. "Akifika, mpe kiti, mwalimu. Miguu yake si mizuri. Usimpe vile vidogo."

Zikaondoka moja baada ya nyingine, nzito kwa mabomu, zikichelewa kuiacha ardhi. Ndege ya Ukai iliyumbisha mabawa kwa mzaha. Ya Minobe ilinyooka moja kwa moja, na Kuwabara akaisindikiza kwa macho akiiombea ugonjwa wowote ule.

Kisha akashuka kwenye handaki la redio. Mwendesha redio alikuwa Sajini Funaki, mtu wa hukuhuku kusini, aliyekuwa mwongeaji mno kabla ya kazi hii. Sasa alikaa na vidude vyake vya kusikilizia masikioni, akitamka yaliyomfikia bila kuinua macho.

Muda ukapita bila neno. Mara Funaki akasema, "Ukai. Ndogo." Akangoja, kalamu juu ya karatasi. "Amekandamiza." Kisha, "Umekatika."

Kuwabara alifumba macho. Alimwona Ukai na mkono wake juu, mpole, akiuliza swali.

Wakafuata wengine. Ndogo. Ndogo. Mmoja alikandamiza bila kutaja lolote, yawezekana alisahau, yawezekana hakuona anachogonga. Halafu kikaja kimya kirefu, na katika kimya kile Kuwabara akaanza kutumaini. Minobe hajagonga. Asiyegonga anarudi. Injini imekohoa, ameelewa, mtoto mtiifu, anarudi sasa hivi juu ya viazi, atamkaripia mpaka akome.

"Minobe," alisema Funaki.

"Amesemaje?"

Funaki alikunja uso. "Mama."

"Sikiliza vizuri."

"Nimesikia vizuri, afande. Amegonga mara mbili. Mama, mama. Sasa amekandamiza."

Kuwabara alimnyang'anya kidude kimoja akakitia sikioni. Mlio ulikuwa mwembamba na mrefu, bila mkwaruzo. Alibana pumzi, kana kwamba yeye asipopumua hautakwisha. Ukakatika ghafla, kama mtu aliyefungiwa mlango akiwa bado anaongea.

Ramani ilikuwa ukutani mbele yao. Ndege ya upelelezi ilikuwa imezikuta meli mama alfajiri ile ile, mbali sana mashariki. Vijana hawakuwa wamefika hata karibu na huko. Walikuwa juu ya visiwa vidogo vya kaskazini mwa Okinawa, ambako hapakuwa na kitu ila meli za doria, moja moja, kama alivyozipanga yeye ukingoni mwa kitambaa. Funaki naye alikuwa akiitazama ramani. Wakatazamana, wakaacha.

Orito aliingia, akaarifiwa, akachukua chaki mwenyewe. Kwenye ubao wa matokeo akaandika: meli ya kubeba ndege, moja.

"Afande, mahali pale hapana—"

"Najua kusoma ramani." Orito hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa umeinama kuliko jana. "Wazazi wao nawapa nini, Kuwabara? Niambie wewe mwenye huruma. Nawapa dagaa?"

Kabla ya saa za chakula cha mchana askari wa lango alimleta mwanamke mfupi, kitambaa cha kichwani kimejaa majivu, ndala za majani zimelika mpaka nyayo zinagusa chini. Mikono yake ilikuwa mikubwa na myekundu, mikono ya kukaa majini. Kuwabara alizunguka darasa zima akitafuta kiti cha mtu mzima. Hapakuwa na hata kimoja. Mwanamke akajikalia kwenye kile kidogo cha mbele, akaweka furushi mapajani, akaanza kufungua mafundo.

"Samahani kwa kuja bila taarifa, mwalimu. Mimi ni wa nyumba ya Minobe. Yule mtoto anapenda vitonge hivi, nilificha sukari tangu mwaka juzi." Ndani ya kisanduku vitonge vya wali vilikuwa vimepakwa maharage mekundu, vimebanana vizuri, hakuna hata kimoja kilichobonyea kwa safari yote ile. "Yuko kazini?"

Kuwabara alipiga magoti, akainamisha paji la uso mpaka kwenye mbao za sakafu. Juu yake akasikia kifuniko cha kisanduku kikirudishwa polepole.

"Lini?"

"Asubuhi hii."

"Asubuhi hii," alirudia Bi Shige. "Jana nililala kwenye kibanda cha watu, hapo ng'ambo ya mto. Miguu ilivimba. Nikasema nipumzike kidogo tu." Aliitazama miguu yake kama kitu cha mtu mwingine. "Hapo ng'ambo tu."

Machozi yalimtoka Kuwabara yakadondoka sakafuni, naye hakuyafuta. Orito akamkuta vile vile. Kamanda alikuwa amevaa kofia rasmi na glavu nyeupe, akasimama wima mbele ya kiti kidogo, akainama.

"Bi Minobe, pokea pongezi za kikosi. Mwanao ameipiga meli kubwa ya kubeba ndege. Ishara yake ya mwisho tumeipokea sawasawa."

"Ishara?"

"Hugonga neno kwa redio wakati wa kushuka. Aligonga 'mama'. Ndiyo ishara ya meli mama."

Bi Shige aliinamia kisanduku. Vidole vyake vilikuwa juu ya kifuniko, vikienda na kurudi.

"Likizo yake ya mwisho," alisema hatimaye, "alinipangia maharage mezani. Haya madogo pembeni, haya katikati, na moja kubwa akaliweka peke yake. Akasema, hii ndiyo mama. Mimi nikacheka, nikamwambia mbona amenenepa hivyo. Akataka kusema kitu. Akanyamaza." Akageuza uso, akamwacha kamanda na glavu zake, akamtazama Kuwabara pale sakafuni. "Mwalimu. Ile punje kubwa ilikuwepo?"

Orito aligeuka pia. Ndani ya darasa hapakuwa na mtu asiyejua jibu linalotakiwa. Kuwabara aliona yote mawili. Akisema ndiyo, mwanamke huyu angerudi mjini kwake na mtoto aliyevunja manowari, majirani wangemwinamia barabarani, na lile neno lingekuwa la meli. Akisema hapana, angerudi na mtoto aliyekufa bure kwa dagaa. Yaliyokuwa moyoni mwa Minobe hakuyajua, wala asingeyajua kamwe. Inawezekana aliona moshi, moyo ukamdanganya kama alivyoonywa. Inawezekana alitaka tu kumfurahisha mwalimu wake. Alichokijua Kuwabara ni bahari, na kilichokuwemo asubuhi ile.

"Hapana," alisema. "Haikuwepo."

"Luteni!"

"Zilikuwa ndogo tupu," aliendelea Kuwabara. "Meli mama zilikuwa mbali kabisa, upande mwingine. Na yeye alijua."

Bi Shige aliinama mbele. Aliuliza taratibu, kama anayeogopa kuvunja kitu.

"Pale alipokuwa, hapakuwa na mama mwingine?"

"Hapakuwa na mama mwingine."

Orito akavua kofia.

Bi Shige alikiweka kisanduku chini, akainuka kwa shida kutoka kwenye kile kiti cha mtoto. Alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na maji, kama anavyofanya mtu aliyeitwa akiwa katikati ya kazi. Akaenda dirishani, kwenye lile linaloelekea kusini, akashika kizingiti, akaitika kwa sauti ya kumfikia aliye juu ya dari:

"Bee!"